Debe Lililobaki Somili

"Hivi viazi sitaki! Rudisha ulikovitoa!"

Wangare alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake cha chipsi, kisu cha kumenyea bado kiko mkononi. Zeddy, yule mwanamume wa pikapu anayetuletea mali hapa Kaptembwo, alikuwa ameshashusha gunia na kulifungua mdomo.

"Mathe, hizi ni Shangi safi. Hazina tundu, hazijaoza. Shida iko wapi?"

"Shida ni udongo. Hii imetoka Somili."

"Sasa udongo unakaangwa? Si utaosha?"

"Huko Somili kuna mwanamke ako na debe yangu ya mbegu. Debe ya kilele, iliyojaa mpaka ikapita mdomo, sio ile ya kufutwa juu na mkono. Mpaka airudishe, kiazi cha huko hakiingii kwa karai yangu."

Zeddy alitugeukia sisi wengine kama mtu anayetafuta daktari. "Debe ya lini?"

"Ya kabla ya vita."

"Vita vya uchaguzi? Mathe, mimi nilikuwa darasa la tatu!"

"Basi kaulize mwalimu wako kama deni huisha ukihitimu."

Watu walicheka, na gunia likarudishwa kwa pikapu. Mimi nauza nyanya na vitunguu kando ya kibanda hicho, na habari ya hilo debe nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Wageni walidhani ni mzaha. Wenyeji walidhani kichwa kimemharibika. Hakuna aliyemuuliza vizuri, kwa sababu Wangare si mtu wa kuulizwa vizuri. Ukimuuliza anakujibu, halafu unaenda nyumbani ukiwa umepungua.

Somili ni juu kule, kupita Molo, mahali pa baridi na ukungu. Zamani kulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, "sawmill" ya Wazungu, ndiyo asili ya jina. Wangare na mumewe Gachanja walikuwa na shamba huko, ekari mbili, ng'ombe mmoja na nyumba ya mbao. Jirani yao ng'ambo ya ua alikuwa Jepkemei, Mama Kibet, mke wa Kibii. Wanawake hao wawili waliazimana kila kitu: makaa ya moto, chumvi, ungo, hata mtoto wa kutumwa dukani. Msimu mmoja viazi vya Jepkemei vilinyauka vyote shambani. Wangare akampimia debe la mbegu aina ya Nyayo, zimechipua vizuri. Huko hivyo ndivyo watu husaidiana: unakopa mbegu, unapanda, ukivuna unarudisha debe kwa debe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Jepkemei angevuna mwaka mpya ukiingia.

Mwaka mpya uliingia na moto. Nyumba ya Wangare ilichomwa na kundi lililotoka barabarani, ng'ombe akaenda, wao wakakimbilia kituo cha polisi na nguo za mwilini. Kutoka hapo waliletwa kwenye mahema ya Showground hapa Nakuru. Alipotoka kwenye hema alikuwa na mtoto mmoja, Jamleck, na hakuwa na mume. Gachanja alikuwa ametoka siku moja kurudi Somili, na hakuonekana tena. Maiti haikupatikana. Alizunguka hospitali, alizunguka vyumba vya maiti, alifunua shuka ambazo mtu hapaswi kufunua. Hakuna.

Baada ya hapo alifanya kila kazi yenye kuvunja mgongo. Alifua nguo za watu Milimani. Aliponda kokoto mpaka kucha mbili zikakataa kuota. Alikodi chumba cha mabati hapa kwetu, akaanza na karai moja na jiko la kuazima, akasomesha Jamleck mpaka akapata kazi ya kukarabati magurudumu ya malori kule Salgaa. Hakuomba mtu. Msaada wa kanisa ulipokuja alisimama kwenye foleni, akapokea unga wake, halafu akamwambia mgawaji kwamba unga una wadudu na yeye hakufiwa na pua.

Siku moja nilimwambia, kwa sababu mimi pia sina breki: "Mama Jamleck, nyumba ilichomwa, ng'ombe akaibwa, mume akapotea. Wewe unalilia debe?"

Aliendelea kumenya. "Nyumba ilichomwa na watu siwajui. Mume alichukuliwa na watu siwajui. Debe namjua aliye nayo."

Nikarudi kupanga nyanya zangu.

Sasa, Zeddy mdomo wake hauna kifuniko. Alipopanda tena Somili kununua mali, alitaka kumchekesha mkulima mmoja, mama wa makamo aliyekuwa anamchagulia viazi. Alimwambia kuna mathe mmoja wa chipsi Kaptembwo anakataa viazi vyao kwa sababu ya debe la kabla ya vita. Yule mama aliacha kuchagua.

"Anaitwa nani?"

"Sisi humuita Mama Jamleck."

Zeddy alituambia baadaye kwamba yule mama alikaa chini juu ya gunia, akakaa hapo mpaka viazi vikaanza kunyeshewa, na alipoulizwa kama ni mgonjwa alisema tu, "Siku ukirudi Nakuru, utanibeba."

Ndivyo Jepkemei alivyokuja kwetu, siku ya soko, kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Mwanamke mrefu, mwembamba, leso imefungwa vizuri kichwani, viatu vya mvua vya kijani. Zeddy alimshushia debe limefunikwa na gunia. Alilibeba mwenyewe mpaka mbele ya kibanda, akaliweka chini, akasimama.

"Mama Jamleck. Chamgei," akasalimia kwa lugha ya kwao.

Wangare alimtazama mara moja tu, halafu akarudi kwa kiazi chake. Ngozi ya kiazi iliendelea kushuka, ndefu, bila kukatika.

"Umezeeka," akasema.

"Ni kweli."

"Umeleta nini?"

"Debe yako."

Wangare alifunua gunia kwa ncha ya kisu. "Hii ni Shangi. Mimi nilikukopesha Nyayo."

"Nyayo siku hizi haiko Somili. Watu waliacha kupanda."

"Kwa hivyo mlikula ya kwangu mkamaliza mpaka mbegu."

"Hatukukula. Nilikuwa nimekuwekea kando, debe yako, nyuma ya mlango. Ikachipua mpaka mashina yakatoka nje. Sikuweza kupanda, sikuweza kupika. Niliiacha ikaoza."

"Ikaoza!" Wangare alicheka kicheko kibaya. "Mnasikia? Mimi nalala kwa hema, mbegu yangu inaoza nyuma ya mlango wa mtu."

Niliona pale watu wanaanza kukusanyika. Nikawafukuza kwa kitambaa cha nyanya, nikamsukumia mgeni stuli yangu. Hakuikalia.

"Mama Jamleck," alisema, "sikuja kwa sababu ya debe. Kibii alikufa mwaka jana. Yeye ndiye alinikataza kusema, nami nilimtii. Sasa hayuko. Nimekuja kukwambia Baba Jamleck yuko wapi."

Ngozi ya kiazi ilikatika.

Kelele za soko ziliendelea, bodaboda zilipita, mafuta yalichemka kwenye karai bila kuwekwa kitu. Nilizima jiko mimi.

"Alikuja kwako," Wangare alisema. Hakuuliza.

"Alikuja. Jua lilikuwa bado liko juu, saa ya kukama. Alibisha. Akasema, 'Mama Kibet, ni mimi, nimefuata ile mbegu.' Kibii alinishika mkono. Vijana walikuwa wamepita asubuhi, wakasema nyumba itakayofungulia mtu wa kabila lenu itachomwa na watu wake ndani. Watoto wangu walikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimesimama hapa, na komeo iko hapa." Alionyesha kwa mkono, karibu hivi. "Sikumfungulia."

"Akasema nini?"

"Mama Jamleck..."

"Nimekuuliza akasema nini!"

"Alisema, 'Basi mlale salama. Nitarudi kesho.' Akaenda. Hakufika barabarani. Tulisikia."

Wangare alisimama. Nilidhani atampiga, na kusema kweli nilikuwa nimejipanga kumshika. Badala yake alilipiga teke lile debe. Viazi vilimwagika kwenye matope, vikabiringika mpaka kwenye mtaro, na watu wa kwetu hawajui kuchelewa, waliinama wakaanza kuokota.

"Toka," alimwambia Jepkemei. "Toka mbele yangu."

Jepkemei aliokota debe tupu. Kabla hajaingia kwenye pikapu alirudi hatua moja, akaniambia mimi, kwa sababu kwa Wangare hakuweza: "Mwambie tulimzika. Mimi na Kibii, alfajiri, kwenye kona ya shamba letu. Hakuachwa kwa mbwa. Mwambie hivyo tu."

Kibanda hakikufunguliwa kesho yake, wala siku iliyofuata. Nilimpelekea uji, pamoja na yale maneno ya kaburi. Nilimkuta ameketi kitandani na viatu miguuni, kama mtu anayengoja gari.

"Kunywa."

"Sina njaa."

"Sikukuuliza habari ya njaa. Nimesema kunywa."

Alikunywa. Halafu akaniambia kitu ambacho miaka hiyo yote hakuwa amekitoa.

"Ni mimi nilimtuma."

"Ulimtuma nani?"

"Baba Jamleck. Yeye hakutaka. Shangazi yake wa Subukia alikuwa ametupa robo ekari tulime, lakini mbegu hatukuwa nayo. Nikamwambia, enda kwa Jepkemei uchukue debe yetu. Akasema, Wangare, huko ni kubaya. Nikamwambia, hata kukiwa kubaya, yule mwanamke si mbaya. Yule hawezi kukufukuza. Nilimcheka, nikamuuliza kama anaogopa jirani yake." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Sikuwa najua kama alifika. Kila siku najiambia, kama Jepkemei ndiye alinidhulumu, basi deni ni yake. Kama sio yake, ni ya nani? Unafikiri ningeweza kuamka kupika chipsi?"

Nilimwongezea uji.

Jamleck alifika kutoka Salgaa na mafuta ya malori bado kwenye mikono. Amekuwa mwanamume mpana, amefanana na baba yake, mama yake anasema hata kukohoa. Alizungukazunguka kwenye kile chumba mpaka nikaona mabati yatatoka.

"Tunaenda na polisi. Tunamfukua. Tunamleta nyumbani."

"Nyumbani wapi?" mama yake aliuliza.

"Hapa!"

"Hapa utamzika wapi, Jamleck? Chini ya kitanda? Mwenye nyumba atakuongezea kodi."

Jamleck alikaa chini akafunika uso. Shamba lao la Somili lilishauzwa kwa bei ya kutupa, wakati ule kila mtu alikuwa anauza ili akimbie. Yule shangazi wa Subukia aliugua akafa na robo ekari ikarudi kwa watoto wake. Katika dunia nzima ya Mungu, Gachanja hakuwa na udongo mwingine isipokuwa ule aliolazwa ndani yake, na udongo ule ulikuwa wa Jepkemei. Wangare alikuwa ametafuta hilo kaburi tangu mtoto wake akiwa mdogo. Sasa limepatikana, na mlango wa kuingilia ni wa yule aliyemfungia mumewe mlango. Kama anataka kusimama juu ya kaburi la mume, lazima abishe pale.

Alifikiria mpaka Jumapili. Baada ya kanisa alikuja kwangu amefunga kitambaa cheusi.

"Tunapanda Somili. Usipoenda, siendi."

"Na nyanya zangu?"

"Zitaoza. Wewe si wa kwanza kuozesha."

Tukaenda, sisi wawili na Jamleck, Zeddy akitubeba. Safari hii Zeddy alikuwa amepata adabu. Tulipopita Molo ukungu ulianza, na Wangare akashusha kioo akaweka mkono nje, kama anayepima uji kama umepoa.

Mahali palipokuwa nyumba yake sasa pana mahindi ya mtu. Alipatazama akapita. Jepkemei alikuwa amesimama kwenye lango lake tangu sijui lini, viatu vimelowa. Hakuna aliyesalimia. Alitangulia, tukafuata kando ya shamba la viazi mpaka kona ya mwisho, karibu na ua wa miti.

Pale hapakuwa na viazi. Palikuwa na pareto, mistari michache ya maua meupe yenye moyo wa njano, yamesimama kwenye umande. Somili nzima siku hizi ni viazi na mahindi, hata pembeni mwa barabara wanapanda.

"Kwa nini pareto?" Jamleck aliuliza, kwa ukali.

"Sikuweza kupanda kitu cha kuliwa," Jepkemei alisema. "Na ningeacha nyasi, Kibii angefunga ng'ombe. Pareto hailiwi na haifungiwi ng'ombe. Ikizeeka nagawanya mashina, napanda tena."

Kisha akarudi nyuma, mbali, mpaka kwenye mstari wa mwisho wa viazi, akatuacha.

Wangare alipiga magoti. Sitaandika alichomwambia mumewe. Alisema kwa Kikuyu, na mimi ni mtu wa magharibi mwa nchi, sikusikia yote. Hata niliyoyasikia si yenu. Ninachoweza kusema ni kwamba alilia kwa sauti ambayo sikuwa naijua, mimi niliyekaa naye mita tatu miaka yote, nikidhani namjua kuanzia kikohozi mpaka kicheko. Jamleck alisimama nyuma yake, mikono imeshuka, kama amesahau ni yake.

Baadaye sana aliita, bila kugeuka. "Mama Kibet."

Jepkemei alikuja.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti la kijani. Kifungo kimoja hakikuwepo. Tulimfunika na shuka ya Kibii, ile mpya."

"Kifungo nilikuwa niweke mimi." Alipangusa pua na leso. "Ungefungua, ingekuwaje?"

Jepkemei alifikiria. Nilimpenda kwa hilo, hakukimbilia kujitetea. "Labda wangetuchoma wote. Labda wasingekuja. Sijui. Ninachojua ni kwamba ningekuwa nimefungua."

"Na yeye akakuambia mlale salama."

"Alisema hivyo."

Wangare alicheka na kulia pamoja. "Ni yeye huyo. Hata akinyimwa, anaaga." Nilijua kinachokuja, na nilitaka kumzuia, na sikumzuia. "Mama Kibet, ni mimi nilimtuma. Yeye alikataa. Nilimwambia wewe huwezi kumfukuza."

Jepkemei alijishika mdomo. Akakaa kwenye udongo uliolowa, upande wa pili wa pareto, na wale wanawake wawili wakatazamana juu ya yale maua. Sijui ni nani kati yao alikuwa amepigwa zaidi na maneno hayo. Nadhani ni Jepkemei. Kujua kwamba ulisemwa vizuri siku ile ile uliyofanya vibaya, hicho si kitu cha kumeza na maji.

"Ingekuwa ni mimi kwa hema," alisema mwishowe, "na wewe ndiye ulikuwa na debe yangu, mimi pia ningemtuma Kibii."

Jamleck alitaka majina ya waliokuwa barabarani. Jepkemei alimpa mawili. Mmoja alishakufa, mwingine, alisema, anamuona kanisani akikusanya sadaka. Hayo ni ya Jamleck na ya sheria, hayajaisha, na sisemi yataisha. Wangare hakumzuia wala hakumsukuma. Alisema tu, "Chochote utakachofanya, usikifanye kwa hili lango. Mimi nitahitaji kupita hapa."

Tulipikiwa chai. Wangare alikunywa nusu, akiwa amesimama mlangoni. Aliweka kidole juu ya komeo, akaiangalia, akaiacha.

Wakati wa kuondoka Jepkemei alitoa debe, lile lile lenye alama ya teke. Alilijaza viazi vya mbegu, vimechipua, vya saizi ya yai. Akajaza mpaka mdomo, akaendelea. Akavipanga juu kimoja kimoja kwa mikono yote miwili mpaka kikasimama kilele kama cha kifusi cha kokoto, na bado alikuwa anatafuta pa kuweka kingine.

"Ni Shangi tu," alisema. "Nisamehe, Nyayo nilitafuta mpaka Keringet, sikupata."

Wangare aliinama. Nilidhani ataanza tena habari ya Nyayo. Alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya mdomo wa debe, mara moja, taratibu, kama unavyofuta unga kwenye kipimo. Kilele chote kiliporomoka, kikarudi miguuni mwa Jepkemei.

"Mama Jamleck," Jepkemei alisema, "debe yako ilikuwa ya kilele."

"Najua ilivyokuwa. Ya juu nimekuachia." Akamgeukia Zeddy. "Wewe wa darasa la tatu, shika upande huo. Na ukija Alhamisi, niletee gunia la huku."